Mchumba wa Mji Mzima

Mwanamume wa nne asubuhi ile alikuwa dereva wa teksi, jitu la miraba minne ambalo huko nje lilikuwa likijigamba kwamba halina habari na mizimu. Aliketi mbele ya kompyuta, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, akabonyeza. Mashine ikanguruma kidogo. Kisha maandishi yakatokea kwenye skrini: katika mji mzima wa Levuka, anayelingana naye kuliko wote ni Varanisese Lewatu, maswali ishirini kwa ishirini.

Dereva aliruka kiti kikaanguka. "Mama wee! Mimi nina mke!" alisema, akatoka bila kukiokota.

Inspekta Unaisi Bolatagici alikiokota yeye, akakirudisha mahali pake. Varanisese alikuwa ameshazikwa. Alikuwa karani wa ukumbi huu huu wa mji, na alikutwa chini ya ngazi za mlimani shingo imevunjika, mvua inamnyeshea. Polisi wa pale walisema ameteleza, na ngazi zile kweli zilikuwa zimeota kuvu. Lakini daktari aliona alama za vidole kwenye mkono wake wa kushoto, ndipo Unaisi alipovushwa kutoka mji mkuu, Suva. Tangu maziko, kila mwanamume aliyekaa mbele ya mashine hii alipewa marehemu. Mji ulikwishakata shauri: msichana anatafuta mwenzi wa kwenda naye, na aliyemfungulia mlango wa kurudi ni mwenye mashine.

Mwenye mashine alikuwa Mwalimu Umesh Charan, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Alikaa pembeni na bandeji kwenye paji la uso, maana usiku wa jana jiwe lilipita dirishani kwake. Hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba majibu ya Varanisese yalikuwa yamefutwa baada ya kifo chake, na neno la siri la kufungulia majibu ndani ya mashine walilijua watu wawili tu, yeye na marehemu. Kamanda alikuwa amepiga simu kutoka Suva asubuhi. Amlete Mwalimu na feri ya jioni, ashtakiwe kwa kuua.

"Nieleze inavyofanya kazi," Unaisi alisema. "Nieleze taratibu, kama mwanafunzi wako wa nyuma kabisa."

"Ni kitu chepesi, Afande. Nilikitengeneza kwa ajili ya tamasha la vijana wa kanisa, watu wacheke. Watu walijaza karatasi, marehemu akaziingiza humu: maswali ishirini, ndiyo au hapana. Unapenda mvua? Unaweza kula samaki wa kopo kila siku? Ungekubali kukihama kisiwa hiki cha Ovalau? Mambo ya namna hiyo. Halafu programu inachukua watu wawili wawili, mwanamume na mwanamke, inahesabu wanapotofautiana. Anayetofautiana nawe kidogo kuliko wote ndiye wako."

"Inahesabu tofauti. Haihesabu mfanano."

"Si kitu kimoja?"

"Mimi nimesema ndiyo, wewe umenyamaza. Hapo kuna tofauti?"

Mwalimu Umesh aliivuta kibodi karibu. Aliitazama skrini, akashika bandeji yake. Jibu lilikuwa limekaa mbele ya pua yake siku zote, ila woga ulimzuia kuliona.

"Nimeiagiza ihesabu tofauti pale tu ndiyo inapokutana na hapana," alisema polepole. "Ukimya inauruka."

"Kwa hiyo mtu asiyejibu chochote hatofautiani na yeyote."

"Anafaana na kila mtu. Ee Bwana. Ishirini kwa ishirini na kila mtu."

Nje, kwenye baraza, watu waliojikinga mvua walikuwa wanasukumana dirishani. Unaisi aliwafungia pazia usoni.

"Sasa niambie kwa nini uliyafuta majibu yake. Na usiniambie hukuyafuta."

"Mama yake alinituma," Mwalimu alisema, sauti imeshuka. "Siku ya maziko. Alinishika mkono akasema, mwalimu, yafute aliyoyasema mwanangu humo, si vizuri watu kuchezea maneno ya maiti. Lakini jina lake usiliguse mpaka usiku wa mia wa matanga upite. Nikafanya hivyo hivyo."

"Kwa nini hukuwaambia polisi?"

"Niwaambie nini, Afande? Kwamba mama anayelia ndiye aliyeniagiza? Si wangesema namtupia mzigo mama wa watu?"

Unaisi alimwamini. Ni kosa la watu wa hapa kabisa, kuyaondoa maneno ya marehemu na kulibakiza jina lake kwa heshima. Hakuna mtu wa Ovalau ambaye angefanya vingine. Mzimu ulikwisha hapo hapo mezani, lakini alama za vidole hazikwisha, na feri ya jioni haikungoja mtu.

"Swali moja," alisema. "Inampa kila mwanamume? Hata kaka yake?"

"Ndugu hapana. Wazee wa kanisa waligoma. Walisema hawataki mashine isiyojua nani ni ndugu ya nani, itatuletea aibu. Kwa hiyo kabla ya maswali inauliza ukoo wa baba na ukoo wa mama. Watoto wa dada na dada, watoto wa kaka na kaka, hao ni ndugu, inawaruka hata wangefanana vipi. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi inawapitisha, maana hao wanaoana."

"Jaribu kaka yake."

Mwalimu aliandika jina la Sakiusa, kaka wa tumbo moja na marehemu. Mashine ikampa binti mmoja muuza mikate wa sokoni. Akaandika majina ya wana wawili wa mama zake wadogo, nao wakapewa wasichana walio hai, wazima wa afya.

"Nyumbani kwao kuna kijana mwingine," Unaisi alisema. "Yule Apakuki wa kiwanda cha samaki wa kopo. Alishakuja hapa?"

"Tangu msiba, hata barabara hii hapiti."

"Basi mwache kwanza," alisema Unaisi, akachukua mwavuli.

Chini ya ngazi za mlimani, kwenye kibanda cha bati, alikaa Mzee Watisoni, fundi wa miavuli, kazi isiyokosa wateja katika mji ule. Watu wa kijiji chake na wa kijiji cha Unaisi, huko kisiwa cha Gau, walikuwa watani tangu enzi za mizimu ya kale, na utani huo haungoji watu wafahamiane.

"Gau wamekuja! Ficheni kuku!" Mzee alipaza sauti alipomwona.

"Kuku wenyewe mliwaiba kwetu, tunakuja kuwasalimia tu."

"Kaa, mtani. Hicho kiti si cha wizi. Nimekiazima kwa jirani bila kumwambia." Alimsukumia kiti kwa mguu, waya wa mwavuli mdomoni. "Na huo mwavuli wako unavuja. Polisi wa serikali nzima, mwavuli wa maskini!"

"Utanitengenezea bure, ndiyo adhabu yako ya kunitukana. Niambie, siku ya kifo cha yule msichana ulisikia nini?"

"Nimeshawaambia wenzako, sikusikia mtu."

"Sijauliza mtu. Nimeuliza nini."

Mzee Watisoni alitoa waya mdomoni. Utani ulimtoka usoni wote. Aliangalia juu, kule ngazi zinakopotelea ndani ya ukungu, na Unaisi naye akajikuta ametazama huko.

"Mchana wa mvua kama leo," alisema. "Nilisikia sauti ya mwanamke huko juu, inaita. 'Kuki! Kuki, ningoje!' Halafu ikacheka. Cheko la mtu aliyepata kitu alichokitafuta siku nyingi. Halafu kimya, mvua tu. Mwili wangu ulinisisimka, nikafunga mlango."

"Ilikuwa sauti ya Varanisese?"

"Yake kabisa. Ndiyo maana nikajua si yeye."

Unaisi hakuhitaji kuelezwa, lakini alitaka mzee aseme kwa kinywa chake. "Kwa nini si yeye?"

"Wewe umezaliwa wapi, mtani? Kuki ni Apakuki, mtoto wa mama yake mdogo, kaka yake! Dada anamwita kaka kwa jina? Tena njiani? Tena anacheka? Wale hata kikombe hawakupokezana, kiliwekwa chini kwanza ndipo mwenzake akiokote. Kile kilikuwa kitu kingine kimevaa sauti yake. Kilimtaka kijana, kikamkosa, kikambeba msichana."

"Na hukumwambia mtu."

"Nimwambie nani? Polisi wanaandika mizimu siku hizi?"

Unaisi alimwachia mwavuli wake autengeneze, akapanda ngazi mvua ikimnyeshea. Katikati ya mlima alisimama. Mbele hakuona kitu, nyuma hakuona kitu, ukungu ulikuwa umezila ngazi pande zote mbili. Mtu angeweza kusimama hatua chache tu kutoka hapo na asimwone. Hakuipenda hali ile hata kidogo, akaongeza mwendo.

Nyumba ya marehemu ilikuwa juu, na mikeka ya matanga ilikuwa bado imetandikwa. Mama Laniana alimkaribisha kwa chai ya majani ya limau na vipande vya mhogo. Amevaa nyeusi. Kijana mwembamba mwenye nywele zisizokatwa kwa ajili ya msiba aliingia na birika, akaliweka, akatoka nyuma pasipo kuinua macho.

"Huyo ndiye Apakuki?" Unaisi aliuliza.

"Ndiye. Bila huyu ningekwishazikwa na mimi. Sakiusa ana nyumba yake na watoto wake, lakini huyu ndiye anayenichotea maji, ndiye anayeniamsha nile."

"Alikuja lini kwenu?"

"Mwaka juzi. Alisimama hapo mlangoni ameloa, anatafuta kazi kiwandani. Nikamwuliza, baba, watu wako nani? Akanitajia mama yake, mdogo wangu wa ukoo aliyeolewa mbali zamani, akafia huko, hatukumzika. Nikalia siku ile. Nikasema basi mwanangu, kitanda hiki hapa."

"Hukumwuliza zaidi?"

Mama Laniana alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo la aibu. "Mtoto anasema mimi ni wa mdogo wako, nimwombe cheti? Wewe mama yako alikufundisha hivyo?"

"Hapana, Mama. Nisamehe. Na Varanisese, alipatana naye?"

"Walikuwa kaka na dada wa kupigiwa mfano. Hawakuwahi kusemezana. Akiingia huyu, anatoka huyu." Alisawazisha magotini sulu yake, kitambaa cha kujifunga kiunoni. "Mwanangu alikuwa mtu wa nyumbani sana. Hata Suva kulala usiku mmoja alikuwa hataki. Alisema atakufa Ovalau, sasa unaona."

Unaisi alimaliza chai yake. Kisha akasema, kana kwamba limemjia sasa hivi, kwamba jina la marehemu bado liko kwenye mashine ukumbini na watu wanalichezea, na ingefaa mtu wa nyumbani aende kuliona.

"Apakuki!" Mama Laniana aliita. "Nenda na mama huyu, mwanangu. Kaniangalizie jina la dada yako."

Kijana alisimama mlangoni. Rangi ilimtoka usoni. Lakini kumkatalia mama mwenye matanga hakuweza, akachukua koti lake la mvua.

Ukumbini, Unaisi aliwafukuza watu barazani, akafunga mlango. Mwalimu Umesh alikuwa kwenye kiti chake, mkoba wake mdogo umefungwa miguuni kwa safari ya Suva.

"Andika jina lako," Unaisi alisema.

"Mama, nimekuja kuangalia jina lake tu."

"Ndiyo njia ya kuliangalia. Andika."

Apakuki aliandika. Mashine ikanguruma. Varanisese Lewatu, ishirini kwa ishirini. Kijana alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Inampa kila mtu!" alisema. "Mji mzima unajua! Hata dereva, hata mchungaji! Mashine ya mwalimu imeharibika."

"Ni kweli, inampa kila mtu. Isipokuwa ndugu zake. Sakiusa imemruka. Watoto wa mama zake wadogo imewaruka wote. Wewe ni mtoto wa mama yake mdogo, Kuki. Mbona wewe haikukuruka?"

Apakuki aliutazama mlango uliofungwa. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Mwalimu, fungua alichoandika kuhusu mama yake."

Mwalimu Umesh alibonyeza. Nyumbani kwa Laniana ilijulikana kwamba mama yake Apakuki alikuwa mtu wa Ovalau, wa damu moja na mwenye nyumba. Kwenye mashine alikuwa mtu wa Taveuni, kisiwa kingine cha mbali, wa ukoo ambao Levuka haikuwa na mtu wake hata mmoja.

"Binadamu wote uliwadanganya," Unaisi alisema. "Mashine ukaiambia kweli. Kwa nini?"

"Kwa sababu mashine ndiyo iliyouliza," Apakuki alisema. Aliteleza na ukuta mpaka akakaa chini. "Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuuliza."

Unaisi alimpa onyo la kisheria, kwamba hana lazima ya kusema na kwamba atakalolisema litaandikwa. Kijana aliitikia kwa kichwa. Alikuwa kama mtu aliyebeba gunia masafa marefu, sasa anatafuta pa kulitua.

"Nilitaka kitanda tu, Mama. Nilikuwa nimelala bandarini siku tatu. Kiwandani niliwahi kusikia mtu akimtaja yule mama aliyeolewa mbali, nikalitumia jina lake. Nilisema nikipata mshahara nitaondoka. Halafu nikamwona Varanisese, Nise wetu. Tayari nilikuwa kaka yake. Nitasemaje? Siwezi kumsalimu, siwezi kumpokea mzigo. Mwaka na nusu nimekula meza moja na sauti yake tu. Ilipokuja mashine nikasema, acha yenyewe iseme. Itatangaza majina yetu siku ya tamasha, watu watashtuka, nami nitapata pa kuanzia."

"Ukasahau nani anaingiza majibu ya watu kwenye mashine."

"Sikujua ni yeye. Haki ya Mungu sikujua." Alifuta pua kwa mkono. "Siku ile nilikuwa nashuka kwenda zamu. Nikasikia nyuma yangu, 'Kuki! Kuki!' Dada yangu ananiita jina, kwa sauti, mlima mzima. Nikajua ameona. Ameshasoma, anacheka, anakwenda kumwambia Mama kwamba mimi ni mwongo, nimekula chakula chao kwa jina la maiti. Akanifikia anahema, anasema 'Nimeona, Kuki, nimeona uliyoyaandika.' Nikamshika mkono nimnyamazishe. Nyamaza tu, basi. Akavuta. Ngazi ilikuwa na maji."

"Ukamwacha pale."

"Nilikwenda kazini. Nilifunga makopo mpaka jioni." Alinyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Sikuogopa mzimu, Mama. Kila walipokuja kusema Nise anaita wanaume, niliomba aniite na mimi, nimwulize. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini."

Konstebo wa kituo alimchukua, akamkalisha kwenye benchi la barazani kungojea feri. Watu waliokuwa wakimtukana Mwalimu asubuhi walijipanga kimya ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyeomba radhi, lakini mtu mmoja alileta kioo cha dirisha kimefungwa kwa gazeti, akakiegemeza mlangoni, akaenda zake.

Mwalimu Umesh hakuondoka. Alikuwa amesimama karibu na mashine, anazungusha kofia mikononi.

"Afande, kuna jambo sikusema. Nilimwahidi yule mama kwamba nimefuta. Na nilifuta. Lakini mashine hujiwekea nakala kila jioni, nimeiagiza hivyo mwenyewe. Majibu yake yapo. Niliona haya."

"Nionyeshe."

Mwalimu alifungua nakala mbili. Ya kwanza ilikuwa ya siku ya kuamkia kifo. Varanisese amejibu yote ishirini, na ukimweka kando ya Apakuki walitofautiana mahali pamoja tu. Ya pili ilikuwa ya siku yenyewe. Alikuwa amebadilisha jibu moja mchana, muda mfupi kabla hajafunga ofisi mapema na kutoka na mvua. Unaisi alisoma swali, akalisoma tena. Alitoa kalamu, akaandika saa lilipobadilishwa.

"Chapa nakala zote mbili," alisema. "Ni ushahidi. Halafu nenda nyumbani, Mwalimu. Mkoba wako hauna kazi."

Alitoka barazani. Angeweza kunyamaza. Kazi yake ilikuwa imekwisha, na maneno haya yasingempunguzia mtu adhabu. Lakini kijana alikuwa ameuliza, na katika mji huu hakuna aliyekuwa na jibu ila yeye. Aliketi kando yake kwenye benchi.

"Hakuwa anakwenda kwa Mama," alisema. "Uliuliza alitaka kukuambia nini. Alijibu maswali kama ulivyojibu wewe. Moja lilikuwa linawatenganisha, akalibadilisha siku ile, baada ya kuona kwamba wewe si kaka yake. Ndipo akakukimbilia."

Feri ilipiga honi huko baharini, ndani ya ukungu, haionekani. Apakuki alizitazama pingu zake magotini.

"Ishirini kwa ishirini?" aliuliza.

"Ishirini kwa ishirini."

"Hata lile la kuhama Ovalau?"

"Ndilo hilo alilolibadilisha," Unaisi alisema.